Taa za Mlimani

Zamani hapa Mkuyuni tulihesabu watu kwa taa. Giza likishaingia, mimi na marehemu baba tulikaa barazani kutazama mteremko wa Uluguru. Kila kibatari kilikuwa nyumba, na kila nyumba ilikuwa na watu saba au wanane. Akiona vibatari ishirini, alisema kitongoji kina watu mia na hamsini hivi, na hakukosea sana.

Nimefundisha sayansi miaka thelathini, na sijapata mfano bora kuliko huo wa jinsi wanaastronomia wanavyokadiria uzito wa makundi ya galaksi. Kundi moja huwa na mamia, hata maelfu ya galaksi. Mizani haifiki huko. Kinachotufikia ni mwanga. Basi hupima mwanga wote wa kundi, kisha huuzidisha kwa uwiano: mwanga kiasi hiki huandamana na uzito kiasi kile. Kazi ngumu imo katika uwiano huo, ule "saba au wanane" wa baba.

Mwaka 1933 mwanaastronomia Fritz Zwicky aliona galaksi za kundi la Coma zinakwenda kasi mno. Kama uzito ungekuwa ule wa vinavyong'aa tu, zingekwisha kutawanyika zamani. Leo inakadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa kundi ni maada isiyotoa mwanga wowote.

Na sehemu ya habari hii ilianzia pwani yetu. Inaniuma kwamba sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ndiyo ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa eksirei za angani. Iliona makundi kama Coma yanatoa eksirei, na baadaye ikathibitika kuwa zinatoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, iliyotanda kati ya galaksi. Gesi hiyo ina uzito kupita nyota zote za kundi. Nilikuwa na miaka 18 wakati huo.

Hapa Mkuyuni nako, kizazi chetu kiliuona uwiano wa taa na watu ukivunjika mara mbili. Baada ya Vita vya Kagera mafuta ya taa yaliadimika, sawa na sabuni na sukari. Mlima ukawa mweusi tii; mgeni angeapa hakuna mtu. Baba alifariki mwaka 1983, usiku. Kabla ya alfajiri watu walikuwa wameshuka kutoka kila upande na ndizi na kuni vichwani, kwa njia wasizoziona, wakajaa hadi chini ya mifenesi.

Sasa umeme umefika, na taa ni nyingi. Chini ya nyingi kati ya hizo yuko bibi mmoja. Watoto wako Morogoro mjini na Dar es Salaam. Siwalaumu, sisi ndio tuliowasomesha ili waende. Lakini wanaastronomia hawauamini uwiano wa zamani bila kuupima upya: hutazama jinsi uzito wa kundi unavyopinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake, kisha husahihisha.

Mwezi uliopita jirani yangu alifariki. Usiku ule nilihesabu taa 43 mlimani. Asubuhi, walioshika majembe kuchimba kaburi tulikuwa watano, na mdogo wetu ana miaka 61.