Taa 100 na sauti ya mama: hivi ndivyo nilivyoanza

Desemba ikikaribia tu, zile video za nyumba za Marekani ambazo taa zake zinacheza muziki zinarudi kwenye simu zetu, na kila mtu anaandika "wazungu wana hela". Ngoja kwanza. Ile iliyosambaa dunia nzima mwaka 2005 ilitoka Mason, Ohio. Injinia mmoja wa umeme, taa 16,000, chaneli 88 tu. Muziki aliurusha kwa redio ya FM ili majirani wasisumbuke, na bado magari ya watazamaji yalijaa mpaka akaamua kuzima. Sasa yule ni injinia. Mimi napanga mizigo ghalani usiku, hapa Columbus, Ohio hiyo hiyo.

Nakaa kwa dada na shemeji. Mama alifariki mwezi wa tano, Moshi, na dada hakuweza kwenda kuzika sababu ya makaratasi. Oktoba akatangaza mezani: mwaka huu humu ndani hakuna Krismasi. Watoto wakanitazama. Nikamtazama shemeji, shemeji akatazama wali.

Nikaanza kimyakimya wiki ile ile. Ukisubiri Desemba umeumia. Kuna jamaa wa huku, jina kapuni, MC wa harusi zetu nyingi, aliagiza taa 2,000 wiki ya pili ya Desemba. Pasaka inafika maboksi bado yako sebuleni. (Asinimaindi, anajijua.)

Nilinunua pikseli 100, kamba mbili za 50. Hizi si kama taa za kawaida za mti. Kila moja ina chipu yake, unaiambia peke yake iwake rangi gani na saa ngapi. Zangu za volti 5. Unahitaji pawa saplai yake, fyuzi, na kidude kinaitwa ESP32, bei yake kama chakula cha mchana. Ndani yake weka WLED, ni programu ya bure, na tayari unawasha taa kwa simu. Fuata mishale kwenye kamba, maana data inaingia upande mmoja tu. Ukigeuza, haiwaki hata moja. Waya wa hasi wa pawa saplai na wa kidude lazima uungane. Nyeupe ikianza kuwa ya machungwa mwishoni mwa kamba, taa si mbovu, volti zimepungukia njiani: peleka waya mwingine wa umeme kule mwisho. Umeme wa ukutani mwachie fundi. Sitanii.

"Shem, bili!" Shemeji alinikuta kwenye ngazi. Nikampigia hesabu: zote 100 zikiwaka nyeupe kabisa ni kama wati 30. Saa tano kila usiku, mwezi mzima, ni uniti nne na nusu. Hata dola moja haifiki. Akanishikia ngazi.

Kazi yenyewe iko kwenye kompyuta. xLights, nayo ya bure: unachora nyumba, unaingiza wimbo, unaweka alama kwenye kila mdundo, kisha unapanga taa ipi ifanye nini. Kompyuta inatuma amri kwa Wi-Fi. Wimbo wangu ulikuwa sauti aliyonitumia mama WhatsApp, akiimba wimbo wa kwaya jikoni. Hauna ngoma wala kinanda, kwa hiyo programu haikupata mdundo wa kushika. Nikaweka alama kwa mkono, pumzi kwa pumzi. Dakika moja na nusu ikanila wiki tatu. Katikati anakohoa. Nilitaka kupakata, nikapaacha: pale taa zote zinazimika, halafu inarudi moja, mlangoni.

Nikawasha tarehe 20 Desemba. Dada alikuwa anatoka zamu, akasimama nje, mlango wa gari wazi, baridi yote ile. Wimbo ukaisha. Kimya.

"Inarudiwaje hiyo?" akauliza.

Aliyebonyeza ni shemeji, yule yule wa bili.