Tangu Anga Lipate Njia
Naicheza Stellaris, gemu ya kujenga dola angani, tangu studio ya Paradox ilipoitoa Mei 2016, na nashuhudia kwamba toleo moja tu la gemu hii limebadilisha namna ninavyoitazama ramani yoyote ile.

Mwanzoni kila dola ilichagua namna yake ya kuushinda mwanga kwa kasi. Wapo walioruka moja kwa moja hadi nyota yoyote iliyo karibu, wapo waliojenga vituo vya kutoboa matundu angani, na wapo waliofuata njia zilizochorwa tayari baina ya nyota na nyota. Mimi nilikuwa mtu wa kuruka. Kwangu huo ndio uliokuwa utamu wa anga: Proxima Centauri, nyota jirani kabisa na Jua letu, mwanga wenyewe huchukua zaidi ya miaka 4 kuifikia, nami niliifikia kwa kubofya.

Ila vita vilichosha. Adui anapita kushoto, mimi napita kulia. Nikiiteka sayari yake, naye yuko kwangu anabomoa vituo vya madini. Ngome ilikuwa pambo, maana hakuna aliyelazimika kuipitia.

Februari 22, 2018 likaja toleo la 2.0, na dola zote zikaanza kufuata njia zilizochorwa. Wengi tulinung'unika. Kisha nikaanzisha mchezo mpya, nikakuta himaya yangu iko nyuma ya nyota moja nyekundu isiyo na sayari hata moja ya kukalika. Zamani nisingeitupia jicho. Sasa kila njia ya kuja kwangu ilipita pale. Nikajenga kituo, nikakipandisha daraja, nikakijaza mizinga pamoja na kile kizuizi kinachomkatalia adui kusonga mbele: akishaingia, njia pekee anayoachiwa ni ile aliyojia, mpaka aiangushe ngome. Jirani alipokuja na meli nyingi kuliko zangu, alisimama pale akipigana, nami nikapata muda wa kukusanya vikosi vyangu vilivyotawanyika.

Injini za kuruka bado zipo, lakini huja mchezo ukiwa umekomaa, na meli zikiruka hubaki dhaifu kwa muda. Nazitumia kwa nadra. Hata habari za Mlango wa Hormuz, njia nyembamba ya bahari ambayo meli hulazimika kuipitia kama adui alivyolazimika kupita pale kwangu, siku hizi nazisoma ramani ikiwa mkononi. Na nikianza mchezo, kabla ya kutafuta sayari yenye rutuba, natafuta kwanza mahali njia zinapokutana.