Kijiko cha Kimamba

Watu wa Kilosa tunajua thamani ya mtaro. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulivunja tuta lake, ukasomba nyumba za watu na kuharibu reli ya kati katika kipande cha Kilosa hadi Gulwe. Maji yalipopungua, kila mahali palidai kuchimbwa: mifereji ya mpunga iliyojaa mchanga, misingi ya nyumba, vyoo, njia za mabomba. Tulikuwa na majembe na sururu. Mtambo wa kukodi ulitoka Morogoro, na gharama ya lori la kuubeba ilikula fedha kabla udongo haujaguswa.

Wakati huo nilikuwa na gereji Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, nikifungua giaboksi za malori ya safari ndefu. Lakini ufundi niliuanzia Kimamba, katika karakana ya shamba moja la mkonge, nikiwa kijana wa kuosha spea kwa dizeli. Shambani hapo kulikuwa na Ford 4500, trekta la viwandani lenye injini ya silinda tatu, lita 3.3, baketi pana mbele na kijiko cha kuchimbia nyuma. Kazi yake ilikuwa mitaro ya korona, yaani mashine ya kukamua nyuzi za mkonge. Jani la mkonge hutoa nyuzi kiasi cha asilimia 4 tu. Kinachobaki ni maganda na maji, na mitaro ya kuyaondoa huziba kila mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kamba za plastiki zilipoingia sokoni bei ikaanguka, mashamba mengi yakawa pori, na mitambo ikalala.

Baada ya mafuriko nililifuata trekta lile, nikalikuta limezungukwa na nyasi. Opereta wake wa zamani alikuwa bado anaishi kwenye nyumba za kambi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kulikata?"

"Nimekuja kulinunua, likafanye kazi."

Alilitazama kwanza, kisha akasema, "Basi anzia kwenye maji. Lilikuwa linakunywa maji lile, na huoni yanakokwenda."

Niliuziwa kwa bei ya chuma chakavu. Kabla ya kulipa nilichukua mtaimbo nikatikisa kila kiungo cha mkono wa nyuma, hasa nguzo ya kugeuzia, kwa sababu pini na bushi hukerezwa upya lakini nguzo iliyopasuka ni msiba. Ilikuwa nzima. Rangi sikuiangalia kabisa, wala mnunuzi yeyote asiiangalie.

Kule Mikumi tulipofungua kizibo cha chini, oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Mzee alikuwa amesema kweli. Injini hizi za Ford silinda zake zimechongwa kwenye bloku yenyewe, bila slivu. Ukuta wa silinda hutetemeka injini inapofanya kazi. Upande wa maji hutokea vipovu vidogo, na vinapopasuka hudonoa chuma mpaka kipatikane kitundu chembamba. Rejeta ikitiwa maji matupu ya mtoni, bila dawa, uharibifu huo huja upesi. Bloku ilikwenda Morogoro, ikachongwa na kufungwa slivu. Pistoni, ringi na beringi nilizifuata Gerezani, Dar es Salaam.

Kazi iliyonikaa moyoni zaidi ni ya hidroliki. Adui wa hidroliki ni mchanga, na gereji zetu za wazi zimejaa vumbi. Nilitenga chumba, nikamwaga maji sakafuni, nikakataza vitambaa vyenye nyuzi, na kila hozi iliyofunguliwa iliwekewa kizibo papo hapo. Vijana wangu waliona namna hiyo ya kufanya kazi ni adhabu. Sikulegeza, maana chembe moja ikinasa kwenye vali hukwaruza chuma, na mkono hautakaa juu tena.

Injini ilipowaka tukaupima mkono. Unauinua, unazima, hakuna mtu anayesimama chini yake. Ukishuka wenyewe, mafuta yanavuja ndani. Ushushe mkono chini, fungua hozi ya upande wa jeki usiobeba uzito, uunyanyue tena na utazame mdomo wa jeki: mafuta yaliyokuwemo yakishatoka na bado yanaendelea kuchuruzika hapo, sili ya pistoni imekwisha; yakikoma, shaka inahamia kwenye vali. Jeki mbili zilitaka sili mpya. Vali zilikuwa salama, na nilifurahi sana.

Kazi ya kwanza ilikuwa mfereji wa mpunga, kwenye barabara ya kwenda Ulaya, kijiji cha hapa kwetu Kilosa. Wakulima waliokusudia kuuchimba mfereji huo kwa majembe walisimama ukingoni wakiutazama udongo ukitoka, na jioni ileile maji yakapita. Tangu siku hiyo trekta halijakosa kazi wakati wa kiangazi.

Ninachowaomba wenye mashamba ya Kimamba, Rudewa na Msowero ni hiki: mtambo wa namna hii ukiwa umelala kwenu, msiwaite wenye mitungi ya gesi ya kukatia kabla hamjamwita fundi aje na mtaimbo wake. Na ukionekana hauna wa kuununua, upelekeni chuo cha VETA pale Mikumi, vijana waufungue wenyewe wajifunze.