Ombi Kupokelewa Siyo Kulipwa

Wiki hii dogo mmoja wa hapa Voi ameniandikia: "Bro, nimepata atachimenti Nairobi, kampuni ya programu, lakini hawalipi. Niende?" Nimemjibu, nenda. Lakini kwanza soma hii.

Mimi nilienda nikiwa mwaka wa tatu, sayansi ya kompyuta. Mamangu aliuza magunia mawili ya pojo, zile zilizobaki baada ya ndovu wa Tsavo kupitia shamba letu Mbololo. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba, nauli na chakula changu cha miezi mitatu. Ukiwa na shangazi Nairobi, kazi bila mshahara ni usumbufu tu. Ukitoka Mbololo, kila siku ofisini unakula pojo za mama.

Na sitadanganya, nilijifunza. Chuoni tulikuwa tunaandika programu kwa kalamu kwenye karatasi ya mtihani. Huku nikafunzwa Git, nikafunzwa kusoma kazi ya mtu mwingine kabla ya kuigusa, nikafunzwa kuuliza maswali bila aibu.

Wiki ya tano nikapewa kazi yangu mwenyewe: duka la nguo la mteja mmoja lipokee malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia watengenezaji programu mwaka 2017. Unatuma ombi, simu ya mnunuzi inamwomba PIN. Jibu likarudi na sifuri, maana yake mambo sawa. Nikaandika "amelipa". Nikaenda kulala nikijiona mkubwa.

Kumbe ile sifuri ya kwanza inasema tu ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe huja baadaye, kwa ujumbe mwingine. Mnunuzi akighairi, unapata 1032. Watu watatu walighairi, na nguo zikawafikia bure. Dada aliyekuwa akinisimamia hakunifokea. Alinikalisha chini akaniambia, "Usihesabu pesa mpaka jibu la pili lifike." Tukarekebisha pamoja hadi saa tatu usiku.

Shida ni kwamba hilo somo nililiweka kwa kompyuta peke yake.

Wiki 12 zilipoisha, bosi akaniambia nibaki, kandarasi inakuja. Nikabaki. Semista ikaanza, nikasema wiki moja tu. Mitihani ikapita. Karo ilikuwa na deni tayari. Kandarasi haikuja, na siku moja nikaambiwa mradi umeisha. Sikurudi chuo tena. Yaani nilipewa sifuri ya kwanza, mimi nikaandika "amelipwa".

Leo niko Mbololo natengeneza video za kufunza programu kwa Kiswahili. Sio maisha mabaya. Lakini mama hajawahi kuniuliza pojo zake zilienda wapi, na hiyo ndiyo inaniuma kuliko angenigombeza.

Kwa hivyo dogo, nenda. Uliza kama watakupa hata nauli, kuuliza si dhambi. Jaza kitabu chako cha atachimenti kila jioni, na kisainiwe kila wiki. Tarehe ya kufungua chuo iandike mlangoni. Wakikuambia ubaki, sema asante, nitumieni barua.

Barua isipofika, panda gari urudi darasani.