Nani atawapigia isukuti walinzi wa ndege?

Likizo ijayo ukipata nauli, nenda Kakamega ukalale Shirere, wadi iliyo katika eneo la bunge la Lurambi. Waamshe watoto alfajiri. Shikeni matatu ya barabara ya Kisumu hadi Khayega, kisha mkunje kushoto kupitia Shinyalu mpaka Isecheno, upande wa kusini wa msitu wa Kakamega.

Ingieni polepole, bila kelele. Mtasikia mbawa kabla ya kumwona mwenyewe: huyo ni hondohondo, ambaye kuruka kwake huvuma kama upepo. Inueni macho, huenda mkamwona ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi cheusi, akikimbia juu ya tawi mithili ya kindi. Huko vileleni huishi pia eremomela wa Turner, kidege kidogo chenye mshipi mweusi shingoni, ambacho kimo hatarini kutoweka duniani.

Macho ya mgeni peke yake hayatayaona hayo yote. Mtahitaji mwenyeji awatambuaye ndege kwa sauti tu. Mwaka 1995 waongozaji wageni wa hapo walianzisha KEEP, mpango wa kuwafunza watoto wa shule kuhusu msitu wao. Waama, ni vigumu kumlenga kwa manati ndege unayemjua kwa jina.

Kazi ya kuhesabu ndege haina makuu. Mtu huamka gizani, hupita njia ile ile, akaandika alichokiona na alichokisikia. Jirani humdhania mzururaji. Lakini bila daftari la mtu kama huyo, nani angetwambia kwamba kasuku wa kijivu, ambao zamani walikuwa wenyeji wa msitu huu, sasa ni nadra kuonekana?

Tuzo zimewahi kufika hapa. Mwaka 2010 kikundi cha wakulima cha Muliru kilipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Walikuwa wamepanda mashambani mwao mmea wa jamii ya mrehani unaonukia kafuri, wakakamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua. Hivyo walijipatia riziki bila kuingia msituni na panga.

Hata hivyo, tuzo ya ng'ambo haiji kila mwaka, wala haimfikii kila mtu. Waisukha na Waidakho wanajua kutuza. Fahali akishinda uwanjani, mwenyewe husindikizwa kwa isukuti, ngoma ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Mbona basi baraza la chifu, au sherehe za shule za Shirere, zisitenge dakika chache, mwenye daftari la ndege akaitwa mbele ya wazee, akachezewa isukuti na kupewa darubini? Darubini itamfaa kuliko kikombe cha kuwekwa kabatini. Na mtoto atakayeshuhudia hayo atajua kwamba kutazama ndege si uvivu.

Nawe uliye Nairobi usingoje likizo. Matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi yalianza huko mwaka 1971. Anza na daftari la shilingi chache. Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Lakini sharti kwanza awepo wa kumtuza.