Fremu Tano za M

Nimestaafu mwaka huu, lakini kilichonishikisha kalamu si kustaafu. Ni tangazo la chandarua nililoliona kwenye simu ya mjukuu wangu. Kompyuta ilikuwa imelitengeneza mwanzo hadi mwisho, na ndani yake mama mmoja, mzuri wa sura, anasema "mbu" huku kaachama. Nikamwambia mjukuu alirudishe. Mama akaachama tena. Mjukuu akaniuliza kuna nini, na nilipomweleza akanitazama kama watu wanavyowatazama wazee wanaolalamikia bei ya vitumbua.

Nilikulia Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, binti wa karani. Nilichora ukutani kwa mkaa nikachapwa. Nikachora kwenye daftari la hesabu nikachapwa tena. Gari la sinema lilipokuja uwanjani, kabla ya filamu lilionyesha matangazo ya sabuni na dawa ya meno. Wenzangu walingoja filamu, mimi nilingoja hayo. Nikamaliza shule, nikaja Dar es Salaam kwa shangazi, nikaandika mabango ya maduka Kariakoo. Kuhusu miaka ile sina la kusema zaidi ya kwamba mkono ulinyooka.

Televisheni Bara ilichelewa. Zanzibar walikuwa na TVZ, tena ya rangi, tangu 1974. Sisi tulingoja hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Ghafla kila mwenye kiwanda cha magodoro na kila muuza mabati akataka tangazo, na watu wa kuyatengeneza walikuwa wachache mno. Mchora mabango akageuzwa mchora katuni kwa sababu tu alikuwa na brashi na njaa.

Hapo ndipo nilipokutana na Mzee. Nitamwita hivyo, kwa kuwa hakutaka jina lake liandikwe hata kwenye kazi zake mwenyewe. Alikuwa amesomea katuni Zagreb, enzi za Yugoslavia, na hakukaa siku mbili bila kukukumbusha kwamba huko ndiko ilikotoka Surogat ya Dušan Vukotić, katuni ya kwanza isiyo ya Marekani kupata Oscar. Kule walimfundisha ubahili wa mchoro: mhusika asimame tuli, kisogee kile tu chenye neno la kusema. Kwa nchi isiyo na karatasi za kuchezea, ilikuwa elimu iliyotufaa kuliko ya Disney.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba binti. Lete kioo."

Kioo chenyewe kilikuwa cha kunyolea ndevu, kimepasuka pembeni. Kabla ya kugusa penseli au kipanya, ulikaa mbele yake ukasema maneno ya tangazo pole pole, ukijitazama midomo. Wapita njia walidhani ofisi yetu inatibu vichaa.

Televisheni yetu ilikwenda kwa fremu 25 kila sekunde. Tangazo la nusu dakika ni fremu 750. Tulichora kwa mbili mbili, yaani kila mchoro ukikaa fremu mbili, na hata hivyo ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Kompyuta ilipoingia, na programu za kuchora na za pande tatu zikafuata, mgongo ulipumua na mishipa ya fahamu ikaanza kuumia. Fremu moja ya sabuni inayong'aa ingeweza kuichukua mashine dakika tano kuikamilisha. Zidisha kwa 750, ni zaidi ya siku mbili na nusu bila umeme kukatika hata mara moja. Umeme ulikatika. Mwaka 2006, mabwawa yalipokauka na mgao ukashika kasi, walioagiza kompyuta iwatolee filamu nzima kwa mkupuo walikuta faili bovu asubuhi na kuanza upya. Sisi tuliagiza kila fremu ihifadhiwe kama picha yake yenyewe, yenye namba yake. Umeme ukirudi, unaangalia namba ya mwisho, unaendelea. Lilikuwa wazo la Mzee, mtu ambaye hadi kufa hakujua kutuma barua pepe.

Sasa nije kwenye M.

Chati ya midomo tuliyoirithi sote, ile inayoonyesha umbo la mdomo kwa kila sauti, ni ya Wamarekani. Aliyeieneza zaidi ni Preston Blair, mchoraji aliyepitia kwa Disney, na vitabu vyake vimezunguka dunia. Ni chati nzuri kwa Kiingereza, lugha inayomeza nusu ya vokali zake. Kiswahili hakimezi. Vokali zetu ni tano, zote zinasikika, na karibu kila silabi inaishia kwa mojawapo. Ukichora a, e, i, o, u sawasawa, ukaongeza mdomo uliofungwa na meno juu ya mdomo wa chini kwa ajili ya f na v, umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo maana vishoka wengi walidhani ni rahisi.

Mtego uko kwenye mdomo uliofungwa. Kwenye chati ile, m, b na p ni kitu kimoja: gusa midomo, achia, endelea. Lakini tulikuwa na tangazo la sabuni ya kufulia ambalo mstari wake ulikuwa "Mche mmoja, nguo zote." Iseme mbele ya kioo. Hiyo m ya "mche" ni silabi nzima, tena ndiyo inayobeba mkazo, kwa kuwa mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho na neno lina silabi mbili tu. Midomo inafungwa, sauti inapanda ikiwa ndani, kisha ndipo "che" inapotoka. Vivyo hivyo mtu, mti, mto, mbwa, na huyo mbu wa mjukuu wangu. Lakini "mbuzi" sivyo: pale m imejibanza kwenye b, inapita kama mvuke. Maandishi yanafanana, midomo haifanani. Hakuna chati ya nje itakayokwambia hivyo, na hakuna programu niliyowahi kupewa iliyojua tofauti ya mbu na mbuzi.

Tulipima kwenye sauti yenyewe, tukaona m ya "mche" inakaa karibu sehemu ya tano ya sekunde. Fremu tano. Mzee akasema basi chora mdomo uliofungwa kwa fremu tano, kwisha maneno. Mimi nikasema hapana. Mdomo uliotulia kwa fremu tano unaonekana kama mhusika amekufa. Mbili za kufunga, moja ya kubana midomo hadi ikunjike kidogo, mbili za kushikilia huku nyusi zikipanda, na zote zitangulie sauti kwa fremu moja, kwa sababu jicho husamehe mdomo unaowahi na halisamehi unaochelewa. Akasema nyusi ni udanganyifu. Nikamwambia kazi yote ni udanganyifu. Hatukusalimiana wiki hiyo, na ofisi ilikuwa chumba kimoja.

Tangazo lilitoka kwa fremu zangu. Alilitazama, akasema "sawa," akarudi kwenye kioo chake. Hakuwahi kusema nilikuwa na haki, na baadaye nilimsikia akiwafundisha vijana fremu tano tupu.

Aliyekuwa bosi wetu kwenye wakala wa matangazo, ambaye leo hualikwa kwenye makongamano kuzungumzia ubunifu, alikuwa na msimamo wa tatu. Alisema mbele ya mteja kwamba mtazamaji hatazami mdomo, anatazama bei. Mteja alifurahi, kwa kuwa msimamo huo ulikuwa wa gharama nafuu. Watazamaji makini wa matangazo ya kampuni ile wanaweza kukumbuka kipindi kirefu, baada ya Mzee kuondoka, ambapo wahusika wote walisema wakiwa wamegeuka visogo, au wameficha nyuso nyuma ya bidhaa. Nchi ilitazama migongo. Mauzo yalikuwa mazuri, sikatai. Magodoro yangeuzwa hata na jiwe.

Nawasikia vijana wakisema lugha hii haina uwezo wa katuni. Mwanangu, fungua macho. Tinga Tinga Tales, yenye wanyama waliochorwa kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga wa hapa hapa Dar es Salaam, ilichorwa Nairobi, lakini ilianza kwenye CBeebies, televisheni ya watoto ya Uingereza, mwaka 2010 na sauti zake za mwanzo zikawa za Kiingereza. Mwaka 2014 wakaja Ubongo Kids, kutoka Dar es Salaam, hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na watoto wakaimba sebuleni. Uwezo upo. Kinachokosekana ni subira ya kuigusa kazi baada ya mashine kusema imemaliza. Papagayo ni programu ya bure, inakupa midomo yote tayari, lakini kamusi yake ni ya Kiingereza na Kiswahili unakipanga mwenyewe kwa mkono. Kipange! Ni saa moja. Saa moja, na mnalipwa kwa tangazo ambalo sisi tulilikeshea wiki tatu.

Mzee alifariki kabla hatujamaliza ubishi wa pili, ambao ni mgumu kuliko ule wa kwanza. Ni neno "nchi". N yake nayo ni silabi, nayo inabeba mkazo, ila midomo haifungwi. Kazi yote inafanywa na ulimi nyuma ya meno, mahali ambapo mtazamaji haoni. Basi unachora nini? Mzee alitaka meno yakutane na shavu lijae kidogo. Nimejaribu: mhusika anaonekana ana jino bovu. Mimi nashusha kidevu kwa fremu mbili kabla ya "chi", meno yakiwa yameachana kwa upana wa mstari wa penseli, na kwa mhusika wa kiume mwenye ndevu inakubali. Kwa mtoto inakataa, kwa sababu kidevu cha mtoto ni kidogo na kinameza mstari. Hapo nimekwama. Kijana mmoja wa Mwenge ameniletea jaribio lake wiki iliyopita, amesogeza koo badala ya kidevu, na nimemrudishia nikamwambia apunguze fremu moja.