Kipindi cha Jumatatu

Mtu anapozeeka, nguvu hazimtoki kwa siku moja. Bandu bandu huisha gogo. Misuli huanza kupungua taratibu tangu umri wa makamo, na mwenyewe hatambui mpaka siku anapotaka kuinuka mkekani msibani na kukuta kwamba anahitaji mkono wa jirani.

Mimi siku hiyo ilinifikia nikiwa na miaka 73. Tangu mwenzangu alipofariki naishi peke yangu katika nyumba tuliyoijenga pamoja, na kaburi lake liko nyuma ya migomba. Watoto wangu, walioko Dar es Salaam na Mwanza, wakaanza kusema kwamba baba asiachwe peke yake. Nilielewa maana yake, ndugu msomaji: mzee asiyeweza kuinuka mwenyewe, wengine humwamulia pa kuishi.

Nilikwenda kwanza kupimwa moyo na shinikizo la damu. Daktari aliporidhika, nikajiandikisha katika ukumbi wa kunyanyulia vyuma ulio jirani na soko. Vijana waliweka vyuma chini wakasema, "Shikamoo, Mwalimu!" wakidhani nimekuja kumtafuta mjukuu.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba somo huanza na jepesi kuelekea gumu, na nilipokuwa mwalimu mkuu niliwakagua walimu wangu kwa kanuni hiyo. Kijana aliyenifundisha mazoezi hakupita chuo chochote cha ualimu, lakini kanuni anaijua. Wiki ya kwanza hakunipa chuma. Alinipa kiti: kuketi na kuinuka mara 8, kupumzika, kisha mara 8 tena. Wiki ya tatu ndipo nikapewa kilo 2 kila mkono. "Babu, usibane pumzi," alinikumbusha kila mara. "Itoe unaponyanyua." Kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu, nalo kwa umri wangu si jambo la mzaha.

Mapaja yaliniuma siku mbili nzima. Ndiyo maana ratiba yangu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku za katikati mwili hujijenga upya.

Wapo wanaosema tumechelewa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwanyanyulisha vyuma kwa wiki 8 wakazi 10 wa makao ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90. Kwa wale 9 waliomaliza, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa zaidi ya maradufu. Mbele yao mimi ni kijana.

Kuanza si kugumu kama kuendelea. Nimejitengenezea daftari la mahudhurio, mwanafunzi akiwa mmoja. Siku ya uvivu najiwekea sharti moja tu: kufika ukumbini. Nikishafika, mengine hufuata.

Sasa imetimia miezi 9. Naketi mkekani na kuinuka bila kushika mtu, na ndoo ya maji naibeba mwenyewe kutoka bombani. Najua miaka haitarudi nyuma, na ipo siku nitahitaji mkono wa mtu. Watoto bado wanapiga simu kunishawishi nihame. Nawaambia waje kunitembelea wakati wowote wapendao, ila Jumatatu asubuhi wasinitafute nyumbani. Nina kipindi.